Filta Nyeusi ya Stambuli

Mwaka ule vipuri havikupatikana. Duka la mkoa lilikuwa na rafu na muuzaji, basi. Filta ya oili ya lori la kijiji chetu ilikuwa imekwisha, na bila lori kabichi zote zingeozea huku Mgeta. Mwenyekiti wetu, Paulo, aliniita mbele ya mgambo.

"Yakobo, shuka Morogoro ukatafute filta. Ya bei ndogo, kijiji hakina kitu. Lakini gari likifa, utajibu wewe. Mali ya umma haichezewi."

Nilishuka na utingo wangu, Gabrieli, mtoto wa dada yangu Felista. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayeulizwa. Mpwa wako akifia mikononi mwako, unamjibu dada yako.

Vipuri vilikuwa kwa Stambuli, mlanguzi, nyuma ya soko, chini ya magunia. Tulimkuta Tomasi, dereva wa lori la kijiji cha Kinole, gari la aina moja na letu. Ukoo wake na wangu ni watani tangu mababu. Mtani anakutukana, anachukua kitu chako mbele ya macho yako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukifa, yeye ndiye anayechimba kaburi.

"Ehe, maiti wangu amefika," Tomasi alisema. "Leo nakuzika wapi?"

"Utatangulia wewe, mwizi wa kuku."

Stambuli alitoa filta mbili. Moja nyekundu, inang'aa kama kucha za bibi harusi, bei yake kali. Ya pili nyeusi, ina kutu ubavuni, ilikuwa ya trekta. Ya trekta ilikuwa rahisi sana kwa sababu hakuna aliyeitaka.

Mimi filta siinunui kwa rangi. Niliipima nyekundu mkononi, nyepesi. Nikabonyeza mpira wake wa kuziba kwa ukucha. Alama ikabaki pale pale. Nikachungulia tunduni: karatasi imekunjwa mikunjo michache, imelala upande. Nikaitikisa, kitu kikacheza ndani. Filta ya namna hiyo imefunguliwa, imejazwa takataka, imepakwa rangi. Nyeusi ilikuwa nzito. Mpira ulirudi. Mikunjo ilibanana kama kurasa za kitabu cha misa, na meno yake yalilingana sawasawa na ya filta yetu ya zamani niliyoifungua garini kupimia.

"Hii," nilisema.

Tomasi akacheka mpaka akashika magoti. "Mtani, unalivalisha gari sufuria la ubwabwa! Stambuli, nipe mimi hiyo nyekundu. Kinole hatuogopi bei."

Nilimkabidhi Gabrieli filta yetu aifunge, nikaenda ghalani kusimamia mbolea. Niliporudi injini ilikuwa inanguruma, na Gabrieli anacheka peke yake.

"Mjomba, Tomasi katutania leo."

"Kafanyaje?"

"Nitakuambia tukifika. Utapasuka mbavu."

Tulipanda vizuri mpaka kona za juu. Pale mlima ulipotukazia, mshale wa oili ukaanguka. Injini ikagonga, ikagonga tena, ikapiga yowe la chuma kusaga chuma, ikanyamaza. Breki zilitegemea upepo wa injini. Nilikanyaga kwa miguu miwili. Lori likaanza kurudi nyuma.

"Gogo!" nilipiga kelele.

Gabrieli alikwisha kuruka. Kazi ya utingo milimani ni gogo, kulitupa nyuma ya tairi gari linaporudi. Alilitupa. Tairi likalipanda, likamtemea gogo kifuani, likampanda na yeye. Nilisikia. Lori likapiga ukingo wa udongo, likasimama limeinama. Niliposhuka, miguu yake ilitazama upande mmoja na uso wake upande mwingine. Alifungua kinywa aseme, ikatoka damu.

Watu walishuka kutoka mashambani na majembe. Hawakuuliza. Mgambo mmoja alinipiga rungu la shingo, mwingine akanivunja mbavu kwa buti.

"Mhujumu! Pesa ya filta umekula wapi?"

"Kanunua ya kutupwa! Waliotoka sokoni leo wamesikia kwa Stambuli, kanunua ya kutupwa!"

Walinifunga mikono kwa kamba ya mkonge kwenye bampa. Mtu akaleta mafuta ya taa. Paulo alisimama pembeni, hakusema waache. Kisha Felista akafika. Alimpita mtoto wake bila kuanguka, akaja mbele yangu, akanipiga kofi mpaka jino likatoka.

"Kaka, ulimnunulia mwanangu nini?"

Kofi lilinilaza chini kamba ilipofikia, uso kwenye vumbi, natazama uvungu wa lori. Ndipo nikaiona. Inang'aa. Nyekundu.

"Felista, mimi nilinunua nyeusi. Ifungueni hiyo. Ikateni."

"Anachelewesha!" mgambo alisema.

"Ikateni," Felista alisema.

Wakaifungua, wakaipasua kwa panga juu ya jiwe. Ndani mlikuwa na katoni iliyolowa ikawa uji, na vipande vya gunia. Nusu ya uji ule ilikwisha kuingia kwenye injini, ikaziba njia za oili. Mwenye mafuta ya taa akayaweka chini. Felista akanifungua kamba mwenyewe, lakini hakunitazama. Alijua sasa kwamba filta si yangu. Hakujua imefikaje pale, na mimi pia sikujua.

Kesho yake tulijua. Tomasi alikuja peke yake na lori la Kinole, jembe begani, kama mtani anavyotakiwa. Alianza kazi yake mlangoni.

"Hodi wafiwa! Mmechoka kumlisha, mkamuua?"

Wanawake waliokuwa wanalia wakatabasamu kidogo. Ndiyo desturi, mtani huja kuvunja kilio. Akanigeukia.

"Na wewe maiti wangu! Mtu nimemnyang'anya mpwa wako sufuria lako bovu, nikamwachia rembo langu jekundu, na bado mmeangusha gari! Ukoo huu hata ukiupa dhahabu..."

Hakumaliza. Ua mzima ulikuwa umesimama. Alitazama nyuso, akaona mapanga, akaelewa kwamba utani wake umemfikisha pabaya. Tomasi alijua mimi sikosei filta. Ndiyo maana alichukua yangu. Gabrieli asingeweza kumkatalia, mtani hakataliwi.

Jiwe la kwanza lilimpasua nyusi. La pili likamvunja pua. Felista akapita katikati.

"Mtani hapigwi msibani. Achimbe."

Akachimba. Damu ilimdondoka kwenye udongo, naye akachimba, na watu wamezunguka shimo, mawe mkononi. Mimi nilishika mbavu zangu, nikaenda kwenye lori lake. Nikalala chini ya injini. Filta yangu ilikuwa pale, nyeusi, na kutu yake ubavuni. Haikuvuja hata tone. Niliifungua kwa mkono na kipande cha mnyororo, oili ikamwagika kwenye majani, nikarudi nayo chini ya koti. Mtani akichukua, hadaiwi. Na mimi ni mtani wake.

Katekista alisali. Tulimshusha Gabrieli, tukafukia. Tomasi alipiga udongo mpaka ukawa laini, akabaki ameegemea jembe, kwa sababu matanga kwetu hukaa siku kadhaa, na ndani ya matanga hakuna wa kumgusa. Mwenye kuyaondoa ni mama wa marehemu.

Felista alichukua ufagio akafagia mbele ya kaburi, mara moja.

"Matanga nimeyaondoa."

Tomasi akatupa jembe, akakimbia. Mawe yalimpata mgongoni na kisogoni, akaanguka, akainuka, akaingia garini. Injini ikawaka. Lori likashuka mlima kwa kasi, linaacha mstari mweusi barabarani. Tulisimama kusikiliza. Kona ya kwanza alipita. Kabla ya kona ya pili tukasikia lile yowe la chuma, halafu kimya, halafu honi, ndefu. Baada ya honi, miti ya korongoni ikavunjika mmoja baada ya mwingine.

Hakuna aliyekimbia kwenda kutazama.

Felista alikuja karibu. Nikatoa filta chini ya koti, nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito kama mimi nilivyoipima, akabonyeza mpira kwa kidole. Ukarudi.

"Hii ndiyo uliyomchagulia?"

"Ndiyo hii."

Aliifuta kutu kwa kanga yake.

"Basi uje ule," alisema. "Tangu jana hujala."