Mwamba Uliojifunga

Mwaka 1996 Nduku, mtaalamu wa maji, alitumwa kijiji cha Theta kupima kisima kilichochimbwa mita mia na arobaini, kikatoa maji ya kubahatisha. Mkandarasi Jared na mafundi wake walikuwa wamesukuma maji humo kwa presha kubwa ili wapasue mwamba. Kazi ya Nduku ilikuwa kuvuta maji siku nzima, kuzima pampu, kisha kupima yanavyopanda. Yakipanda haraka, nyufa ziko wazi. Yakijikokota, zimejifunga.

Dakika ishirini baada ya kuzima, pampu ikanguruma tena. Mzee Simeon, mwenyekiti wa mradi, ndiye aliyeiwasha.

"Mzee, umeharibu kipimo chote!"

"Ai! Akina mama wengine wako na mitungi mitupu hapa tangu asubuhi, na wewe unapima tu?"

Nduku akaanza upya kesho yake. Jenereta ikaishiwa na dizeli saa saba mchana, kabla hajamaliza kuvuta maji. Siku ya tatu, alipozima pampu, alichomoa waya wa jenereta akautia mfukoni, akakaa kando ya kisima akishusha utepe wa kupimia kina kila dakika. Maji yalipanda kwa uvivu, sawasawa na kabla ya mwamba kupasuliwa.

"Haiwezekani," Jared akasema. "Geji ya presha ilishuka ghafla, sote tuliona. Mwamba ulipasuka."

"Ulipasuka, lakini mlipoachilia presha ukajifunga. Hamkuweka mchanga wa kushikilia nyufa."

"Mchanga haukuwa kwa mkataba."

Kabla ya mwamba kupasuliwa, Nduku alikuwa ameandika barua mbili kwa wasimamizi wa mradi kuuomba huo mchanga. Hakuna aliyemjibu.

"Andika tu kisima kiko sawa," Simeon akamwambia. "DO wa tarafa anakuja Ijumaa kukifungua."

"Siandiki."

Ijumaa DO akafungua mfereji, maji yakatoka, watu wakapiga makofi, hotuba zikaanza. Kabla ya hotuba ya pili kwisha, mfereji ulikuwa unakohoa hewa. Wanawake walibeba mitungi mitupu wakaondoka bila kuaga.

Jumatatu Simeon alifika ofisini kwa Nduku, mjini Thika, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Madam, huo mchanga... ni gunia ngapi?"

Nduku alitamani kumfukuza. Badala yake alivuta kiti kwa mguu, akamwonyesha akae.

"Kaa, Mzee. Na safari hii, pampu yangu usiiguse."