Mbuzi Juu ya Paa la Prosesa

Natangaza kwa heshima na taadhima kwamba mbuzi wangu nusura amfukuzishe shangazi yangu kazi. Mbuzi mwenyewe alikuwa mdogo kuliko chembe ya vumbi, mwili wake ulikuwa wa shaba, na alikuwa na ndevu za mwalimu mkuu wa shule yetu ya bweni.

Shangazi, dada yake baba, husanifu prosesa, ule ubongo unaokaa ndani ya simu. Ofisini kwao hawatengenezi kitu cha kushikika. Huchora tu kwenye kompyuta: nyaya na swichi zisizohesabika, vyumba na vichochoro, ghorofa juu ya ghorofa, mji mzima unaoenea kwenye ukucha. Mchoro ukikamilika hupelekwa kwenye kiwanda cha ng'ambo, ambacho huyachongea makampuni ya kila aina chipu, yaani prosesa zenyewe.

"Sisi tunachora, wao wanachonga," husema shangazi. "Na hawaulizi. Ukiwapelekea kosa, watakuchongea kosa safi kabisa, tena mamilioni."

Wasanifu wana desturi yao ya chini chini. Kwenye tabaka la juu kabisa, yaani paa la chipu, pakibaki kiwanja kitupu, mtu huficha picha ndogo iwe sahihi yake. Mkuu wao, ambaye ofisi nzima humwita Jiwe kwa sababu hajawahi kuonwa akicheka, alikuwa ameipiga marufuku. Kwa hiyo likizo iliyopita shangazi alininong'oneza, "Balaa, nichoree kitu kidogo." Balaa ni mimi. Jina hilo sikurithi, nililitolea jasho.

Nikamchorea mbuzi.

Niliporudi likizo hii, mchoro ulikuwa umeshapelekwa kiwandani, na shangazi alikuwa amebandika sebuleni picha ya paa lile, kubwa kama mlango. Jumamosi asubuhi nikavuta kiti, nikapanda kumtafuta mwanangu. Nikamkuta kwenye kona, amesimama juu ya waya mmoja kama nilivyomchora. Lakini pembe yake ilikuwa imezama kwenye waya mwingine, mnene, uliopita kichwani kwake. Mimi sikuchora waya wowote kichwani.

"Shangazi, mbuzi ana nini kichwani?"

"Ana akili. Wewe huwezi kuitambua." Alikuwa anakunywa chai, amenipa mgongo.

"Kuna waya umegusa pembe."

"Jana ulisema kuna nyoka kwenye kapu la nguo."

"Yule alikuwa mkanda. Huu ni waya kweli."

"Balaa, mwanangu, leo napumzika."

Ikawa kumpigia mbuzi gitaa. Nikaitafuta ile sauti yangu ya mahubiri, ninayoitumia kudanganyia walimu, nikaikosa. Kilichotoka ni, "Njoo uone. Tafadhali."

Hapo akageuka. Neno hilo huwa silitumii nyumbani.

Akasogea, akatazama, akatazama tena. Kisha akaweka kikombe mezani, ila kikombe kilikosa meza. Chai ilitambaa sakafuni mpaka miguuni kwetu na hakuna aliyesogeza mguu.

"Huu ni waya wa kuleta umeme," akasema taratibu. "Na huu aliosimama juu yake ni wa kuurudisha."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi ni shaba."

Sikuhitaji somo la fizikia. Bwenini kwetu kuna mtu aliwahi kuchemsha maji kwa kijiko alichokiunga kwenye soketi, tukalala gizani wiki nzima. "Itapiga shoti?"

"Kila chipu. Itawashwa mara moja, itakufa."

Akaketi kwenye mkono wa kiti na kunieleza, huku macho yake yakiwa ukutani. Kuna programu ya ukaguzi inayopita kila waya kabla mchoro haujatoka. Programu ile ilikuwa inapiga kelele kila ikimfikia mbuzi: hiki si waya, si swichi, ni kitu gani? Kwa kuchoka, shangazi akaiamuru ifumbe macho kwenye ile kona. Siku za mwisho, mwenzake akakosa nafasi kwingine, akaupitisha waya wa umeme palepale. Programu, kwa utiifu wake, ikafumba macho.

"Nani anajua?" nikauliza.

"Mimi na wewe."

Ningependa kuandika kwamba hapo alisimama kishujaa. Hakusimama. Alikaa akisugua magoti kwa viganja, na mimi nikaona wazo likimpita usoni, kwa sababu na mimi lilikuwa linanipita: tukinyamaza, chipu zikifa, watu watasema kiwanda ndicho kilichoharibu. Kiwanda kiko mbali. Jiwe yuko karibu. Sikuwahi kumwona shangazi akiogopa.

"Tunyamaze?" nikanong'ona.

Akainuka, akamtazama mbuzi pale ukutani.

"Mficha uchi hazai," akasema mwishowe, akachukua funguo.

Tulimkuta Jiwe peke yake ofisini, kati ya viti vitupu, feni za kompyuta zikivuma. Shangazi alisema yote akiwa amesimama. Jiwe alisikiliza bila kupepesa.

"Mbuzi," akasema.

"Mbuzi, mzee."

"Ana ndevu?"

"Za mwalimu mkuu," nikajikuta nimesema. Shangazi akanifinya hadi nikaona nyota.

"Na huyu ni nani?"

"Mtoto wa kaka. Ndiye aliyeliona kosa."

Jiwe akapiga simu kiwandani, akaweka sauti ya nje. Akajibu mwanamke, msimamizi wa zamu, nyuma yake mashine zikinguruma kama mvua ya mbali. Jiwe akamwambia asimamishe kazi yetu.

"Tumeshaanza kuchonga," akajibu yule mama.

Vidole vya shangazi vikaubana mkono wangu. Vilikuwa vya baridi.

"Mmefika wapi?"

Tukasikia akibofya. Shangazi alishanieleza kwamba chipu hujengwa kama nyumba: msingi kwanza, swichi zote huko chini, kisha nyaya tabaka kwa tabaka, paa mwisho. Nikaomba, mimi ambaye husinzia kwenye sala ya shule, kwamba wajenzi wale wawe wavivu.

"Bado tuko chini," mama yule akasema. "Hatujafika paa. Ila bamba la kuchapia paa limeshatengenezwa."

"Litupeni. Tunaleta mchoro mpya."

"Lazima niweke sababu. Nani amekosea?"

Jiwe akamtazama shangazi. Shangazi akainamisha macho.

"Weka kwamba ni kosa la usanifu," akasema Jiwe, "na aliyelileta ni msanifu mwenyewe, kwa miguu yake."

Akakata simu. Hakucheka, msije mkadhani. "Mbuzi atoke sasa hivi. Na Jumatatu utasimama mbele ya wenzako, uwaeleze ulivyoifunga macho ile programu."

"Ndiyo, mzee."

"Keti ufanye kazi."

Shangazi akaketi. Mbuzi akatokea kwenye skrini, mkubwa, ndevu zake zimesimama kama anataka kuita majina. Shangazi akabonyeza mara moja, na kona ikabaki tupu. Hakukuwa na hotuba ya maziko, ingawa nilikuwa nayo tayari.

Halafu akaifungua macho ile programu na kuituma ipite mji mzima upya. Mstari wa kijani ukaanza kusogea. Jiwe alisimama nyuma yetu, pumzi zake nazisikia. Mstari ulipofika kwenye ile kona ukasita, na sote watatu tukasita nao. Kisha ukapita.

Hakuna kosa, skrini ikasema.

Shangazi hakuondoa mkono kwenye kibodi.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia.