Upara Nyuma ya Sikio

...tulia basi, inamisha kichwa, mstari huu ukipinda kesho kila mtu ataona, chanuo linachimba njia kutoka utosini hadi kisogoni, mafuta kidogo kidoleni, gawa mafungu matatu, vuta, na hata aii hasemi, zamani ungedhani nachinja mbuzi, majirani walikuwa wanachungulia, leo kimya, midomo tu inacheza, anakariri, na bibi yake pale kwenye kochi, mama mkwe wangu, miguu yake iliyovimba juu ya stuli, anasema, "Haya, mke mwenzangu, rudia, wewe ni nani?" na binti yangu wa miaka tisa anajibu kama anayesoma jedwali la hesabu, "Mimi ni mwenye dhambi, sistahili kitu, nilichafuka tangu tumboni mwa mama yangu," na bibi anapiga kofi la furaha, "Eeh! Kesho ukisema hivyo mbele ya kanisa, mchungaji atakukabidhi kanisa na funguo zake!" na mimi navuta, nasuka, tumboni mwa mama yangu, yaani humu, humu nilimombeba nikipika na kuosha masufuria ya mgahawa mpaka wiki ya mwisho, nani aliingia humu akauona huo uchafu, mkunga alimshika miguu akasema huyu ana mapafu, basi, hakuongeza neno, alikuwa na ute na damu kidogo, tukapangusa, ikatoka... mwenye mgahawa naye, chakula kikisifiwa ni mapishi yake, kikiungua ni mkono wangu, nilimvumilia mwaka mzima nikaacha kazi kwa hilo tu, na Jumapili hiyohiyo nikasimama kuimba kwamba jema lililo ndani yangu si langu na baya lote ni langu, nikaimba kwa sauti, wala sikuona kuwa namwimbia tajiri yuleyule wa mgahawa... "Kesho asubuhi umpake mafuta miguuni," anasema mama mkwe, "asiende na magoti ya majivu," nasema ndiyo mama, si mtu mbaya huyu, nilipokuwa zamu za usiku ndiye aliyemwogesha mtoto, ndiye aliyemtafunia nyama, ila siku ile ukuta ulipomwangukia mume wangu kazini, mwanawe wa pekee, hakulia, alikaa kwenye kochi hilohilo akisema tumestahili, tumestahili kabisa, na nilitaka kumtikisa, tumestahili nini, mama, ukuta ulikuwa mbovu... na sasa kidole changu kimeteleza, nyuma ya sikio la kushoto, mahali ambapo pangekuwa na nywele hapana nywele, nikadhani mapunye, lakini mapunye yana magamba, hapa ni laini kama kisigino cha mtoto mchanga, duara la ukubwa wa kidole gumba changu, na pembeni vitundu vyekundu, vibichi, vya jana labda, vya leo, nikamwinamia, "Nani amekufanya hivi?" na yeye polepole, "Mimi mwenyewe," "Panawasha?" "Hapana. Nikiwaza vibaya nang'oa moja," "Kuwaza nini?" "Nilichoka kumletea bibi maji. Nilileta, lakini moyoni nilichoka. Mwalimu wa dini anasema ya moyoni ndiyo mabaya zaidi," "Haiumi?" na akanishangaa, akageuza jicho moja kama kuku, "Lazima iume, mama"... "Mnanong'ona nini nyie?" anauliza mama mkwe, "mbona mkono umesimama?" nasema natafuta chanuo, anacheka mpaka kochi linalia, "Si hilo hapo mdomoni! Uzee umekuwahi kabla yangu!" nacheka na mimi, chanuo likiwa kati ya meno, na chini ya kiganja changu kile kiupara kina joto, kinapiga kama kifua cha ndege, na neno la kwanza lililonijia lilikuwa umesamehewa, mwanangu, umesamehewa, nikalimeza likiwa ulimini, kwa sababu amesamehewa kosa gani, alileta maji, ukimwambia mtu nimekusamehe umekwisha kumwambia alikukosea, na atarudi kitandani kuutafuta uovu wake gizani kwa vidole viwili, na asipouona ataona hilo ndilo kosa lenyewe, nywele zikiisha ataendea kope, kope zikiisha... "Mama," ananong'ona, bila woga, kama anayeuliza sukari iko wapi, "wewe zako unang'olea wapi?" na sina pa kumwonyesha, nina nywele zangu zote, lakini nakumbuka kila nikishukuriwa nasema mimi si kitu, nasema haraka kabla mtu hajamaliza, mimi si kitu, yeye akiwa pembeni ameshika sketi yangu, akisikiliza, na mafundisho hayo hakuna mwalimu aliyekuja kumfundisha, ni mimi, jikoni, mlangoni, dukani... "Haya, mke mwenzangu, tangu mwanzo tena," anasema bibi yake, na mtoto anavuta pumzi, nausikia mgongo wake mwembamba ukijaa kati ya magoti yangu, nagawa mafungu matatu, sivuti kwa nguvu tena, naacha ukingo wa kiganja kimoja ukifunika palipo na joto, kesho hakuna goti litakalopakwa mafuta kwenda kusema maneno hayo, hata nyumba hii ikiniangukia kichwani, hata kochi lile likilia kwa kilio ambacho siku ya ukuta halikukilia, lakini bado sijasema, nasuka tu, taratibu, na mama mkwe wangu anatikisa mguu wake uliovimba na kutabasamu, akidhani nasuka kwa ajili ya kesho.