Zulia la Bosi na Sakafu ya Moto

Kitendawili: nyumba yangu ina moto chini, na mwenyewe juu yake analia baridi. Ukikosa jibu usijilaumu, maana Eucabeth alikaa nalo siku tisa nzima mjini Riyadh, Januari ile, na kidogo limkoseshe safari ya kwao Kisii.

Eucabeth alikuwa akimtunza Hajja, bibi wa miaka themanini na ushei, magoti yamekauka kama kuni za kiangazi. Bosi, mwana wa Hajja, alikuwa amehamia Jeddah kikazi, mtaa wa Aziziya. Kabla hajaondoka alileta fundi wa Kimisri, akapitisha nyaya za umeme chini ya marumaru ya sebule ili sakafu ipate joto. Ukutani pakabandikwa kimashine chenye kioo. Kimashine hicho kilimtii Bosi kupitia simu yake, popote alipo.

Sasa wanaoijua Arabuni kwa kusikia hudhani kule ni jua tu. Thubutu! Baridi ya Riyadh ni kavu, inaingia kwenye mfupa na kukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Jeddah nayo iko baharini, na mwezi huohuo watu wake wanawasha mashine za kupoza hewa. Kwa hiyo anayeota jua Jeddah ndiye aliyeshika joto la Riyadh. Utasema nini?

"Eucabeth!" Kila asubuhi simu ilianza hivyo. "Mama analia baridi, na mimi hapa naona sakafu nyuzi arobaini. Umeifanya nini mashine?"

"Sijaigusa, baba."

"Mimi naona kila kitu huku."

Basi na uione miguu ya Hajja, Eucabeth alimjibu, lakini moyoni. Mdomo aliufunga kwa sababu tarehe mosi Februari alikuwa aende likizo, ampeleke binti yake Ashley kidato cha kwanza. Miaka miwili hajamwona. Na karatasi ya kutoka na kurudi haitolewi na mwingine ila kafili, yaani Bosi mwenyewe, tena kwa simu ileile. Kidole kilichoshika joto ndicho hichohicho cha kubonyeza ruhusa.

Siku ya tisa Bosi akachoka. "Ukiigusa tena, halas! Mafi likizo, hakuna kwenda."

Alfayo, dereva wa nyumba ile, mtu wa Kakamega, alimkuta Eucabeth jikoni akiparua karoti kana kwamba zimemtukana.

"Dada, wewe na hiyo mashine mtaoana lini?"

"Alfayo, nisikutwange na mwiko. Naambiwa nimegusa kitu nisichokijua hata kinawashwa wapi!"

"Si umwambie tu Hajja avae soksi?"

"Amevaa tatu! Ya nne nitamvalisha wapi, masikioni?"

Ndipo sebuleni kikasikika kikombe kikianguka. Hajja alikuwa amemwaga kahawa juu ya zulia jipya. Zulia lenyewe lilikuwa zawadi ya Bosi, limeletwa kutoka Jeddah siku kumi zilizopita, la sufu, nene kama godoro. Hajja kila msimu wa baridi hutandika mazulia yake mepesi, moja juu ya jingine, kama walivyofanya mama zake. Hili likawekwa juu ya yote.

Eucabeth akapiga magoti, akafunua pembe za mazulia yote afute. Mkono ulipogusa marumaru aliurudisha mbio. Moto! Juu ya zulia baridi, chini yake jiko.

Akakaa palepale, kitambaa mkononi. Alimkumbuka mama yake akiepua sufuria ya maharagwe, akiizungushia mablanketi na kuifungia kapuni. Jioni maharagwe yalikuwa bado yanachoma ulimi, na aliyekaa kando ya kapu hakupata joto lolote. Kisha akakumbuka kijiwaya chembamba ambacho yule Mmisri alikizika chini ya marumaru, hapohapo alipokuwa akishika sasa. Hicho ndicho kilichompelekea Bosi habari. Kilisema ukweli, ila ukweli wa ndani ya kapu. Kikiona joto limetosha kinazima, na Hajja aliye nje ya kapu anaganda.

"Hajja," akasema, "tulitoe zulia hili."

"La! Amenipa mwanangu."

Eucabeth alitaka kulia. Amwambie Bosi kwamba zawadi yake ndiyo mchawi? Angeitwa mtovu wa adabu, na Februari ingempita. Akavuta pumzi. "Hajja, kitendawili. Nyumba ina moto chini, mwenyewe analia baridi. Ni nini?"

Hajja alipenda mafumbo. Akafikiri, akashindwa. Eucabeth akamshika mkono polepole, akauingiza chini ya mazulia.

"Wallahi!" Bibi akaruka kama msichana. "Nipe simu!"

Bosi akatokea kwenye kioo cha simu, ameshikilia glasi ya maji ya barafu.

"Nani alikutuma uivalishe sakafu blanketi?" Hajja akamfokea.

"Mama, simu inaniambia joto lipo..."

"Simu ndiyo iliyokuzaa?"

Eucabeth akaona hapa ndipo Februari inapookolewa au kuzikwa. "Baba, zulia ni zuri sana," akasema. "Nitalitandika chumba cha wageni, kule hakuna nyaya. Watauliza nani kalinunua."

Bosi akakohoa. "Tayib. Tandika huko."

Kabla ya adhuhuri ruhusa ilikuwa imeingia kwenye simu ya Eucabeth, na tarehe yake. Alfayo alipiga vigelegele vibaya vya kiume.

Lakini Bosi, kwa kutaka kumfurahisha mama yake, alipandisha joto mpaka mwisho. Na sakafu ya namna ile haina haraka: hupata moto kwa saa nyingi, hupoa kwa saa nyingi. Alasiri Hajja ameweka miguu juu ya mto akiita maji, na Eucabeth anafungasha sanduku akirukaruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto.

Simu ikalia.

"Eucabeth! Naona nyuzi arobaini na tano! Umegusa?"

Akaitazama ruhusa yake. Kilichotolewa kwa kidole, kwa kidole hufutwa.

"Sijagusa, baba," akasema, akaenda kufungua dirisha.