Fisi Maji Wana Nukta Yao

Haya nilisimuliwa na Baudilia, mkwe wa Segundina, siku ya tisa ya matanga ya baba yake Baudilia mwenyewe. Tulikuwa jikoni tunakuna nazi, wanaume wako nje na viche, pombe yao ya miwa. Alisimulia huku anakuna, wala mkono haukusimama.

Asubuhi moja Segundina Estupiñán alikuwa amezama hadi magotini kwenye tope la hori la Achotal, bahari inapoingia mikokoni, mkono wa kulia umeingia hadi begani chini ya mizizi ya mikoko, anapapasa kome. Humo chini hukaa samaki mwenye mwiba wa sumu. Akikuchoma, unalala na homa na kikapu kinalala kitupu. Kumbi la nazi lilifuka moshi kwenye kopo kando yake, kufukuza usubi, na macho yalimtiririka. Kome wa kwanza alimpima kwa kidole gumba. Mdogo. Akamrudisha topeni. Wanawake wa Achotal wote hufanya hivyo, na hakuna anayewasimamia.

Ndipo fisi maji akatoa kichwa.

"Clotilde, funga domo!" alinong'ona. Clotilde, binamu yake, alikuwa anaimba.

"Domo langu, wimbo wangu."

"Fisi maji. Na watoto."

Clotilde akanyamaza. Segundina akafuta mkono kwenye kilemba chake, akatoa simu ndani ya mfuko wa nailoni, akapiga picha.

Mambo ya picha yaliletwa na binti wa chuo, Yamileth, mtoto wa adabu, anayekula kila anachopewa. Unampiga mnyama picha, unaipeleka kwenye tovuti, na watu usiowajua, wa nchi hizi na zile, wanakwambia jina lake la kitabuni. Nukta inatokea kwenye ramani pale ulipomwona. "Wenye mabwawa ya kufuga kamba wakija kusema hapa ni tope tupu," aliwaambia, "mtawaonyesha ramani."

Wakaipenda kazi. Wakashindana. Clotilde alipeleka kwarara mweupe aliyetua juu ya mkoko, kumbe ni mfuko wa plastiki, wakamcheka mpaka Pasaka. Jambo moja tu Yamileth alilisisitiza: picha iwe safi, mnyama peke yake. Wakatii. Mwenye kikapu alikisogeza, mwenye kivuli alirudi nyuma.

Wenye mabwawa hawakuja. Alikuja mhandisi Arboleda, mtu wa hifadhi, suruali imenyooka kwa pasi. Aliwakusanya kanisani, akatundika ramani ukutani. Hori lao lilikuwa limejaa nukta kama uso wenye tetekuwanga.

"Hii ni hazina," alisema, "na mmeivumbua ninyi."

Watu wakapiga makofi.

"Kuanzia Jumatatu hori linafungwa."

Makofi yalikatikia mikononi.

"Linafungwa kwa nani?" Segundina alisimama.

"Kwa watu, mama. Fisi maji wanahitaji utulivu."

"Wamezaa mbele ya macho yetu. Utulivu gani wamekosa?"

"Mimi sibishani na ramani, mama. Nionyeshe wewe, mtu yuko wapi hapa?" Akapitisha kidole juu ya nukta. "Picha zote hizi, hamna kikapu, hamna mtumbwi, hamna mtu. Wakubwa wa mji mkuu wameziangalia, wakaandika: eneo lisilotumiwa na binadamu. Picha sikupiga mimi. Mmepiga ninyi."

"Na ile hoteli inayojengwa mdomoni mwa hori?" Clotilde alidakia. "Watakaolala humo ni fisi maji?"

"Ni watazamaji wa ndege. Wanakuja na kuondoka."

"Sisi kosa letu tulikuja tukabaki," alisema Segundina.

Kanisa zima likacheka. Arboleda hakucheka. Alifungua sanduku, akagawa fulana zenye fisi maji kifuani. Segundina aliitazama yake, akamtambua yule mnyama na mkoko aliouegemea. Ilikuwa picha yake, aliyoipiga kwa mkono wake. Jina lake halikuwapo. Akaikunja, akaiacha juu ya benchi.

Jumatatu maji yalipokupwa, wanawake wakaenda kama kawaida. Mlango wa hori ulikuwa umevutwa mnyororo, na mlinzi juu ya mtumbwi. Alikuwa Wilberto, mtoto wa dada yake Segundina, mwenye buti mpya.

"Mama mkubwa, rudi. Nimekula kiapo."

"Umekula kiapo juu ya kome wangu? Mbona tumbo lako haliumi?"

"Nitapoteza kazi!"

"Na mimi yangu naipoteza hapa, wewe unanitazama."

Akashuka topeni, akainama, akapita chini ya mnyororo. Clotilde nyuma yake, Baudilia nyuma ya Clotilde, kisha wengine. Wilberto aliinua mkono, akaushusha. Angemshika wapi mwanamke aliyemwogesha?

Ndani ya hori Segundina akatoa simu.

"Msisogeze kikapu," alisema. "Leo nakitaka kikapu."

"Ngoja nijipake poda," alisema Clotilde.

"Jipake tope."

Akawapiga picha wote, mikono chini ya mizizi, migongo imepinda, moshi usoni. Akampiga na Wilberto kwenye mnyororo wake. Kijana akajifunika kwa kofia.

Huko mtandao unashika kwenye ngazi ya kanisa tu. Segundina alikaa hapo, akaandika. Kiumbe: mtu. Mahali: hori la Achotal. Anafanya nini: anatafuta kome, kama mama yake. Akatuma.

Siku chache baadaye Yamileth akapiga simu, sauti imejaa machozi. "Bibi Segundina, watu hawahesabiwi pale. Wanataka viumbe wa porini. Picha za watu zinawekwa kando, haziingii kwenye ramani."

"Na kuku?"

"Kuku pia hahesabiwi. Ni mfugo."

"Basi mimi na kuku ni ukoo mmoja."

"Nisamehe, bibi. Mimi ndiye niliyewaambia…"

"Usilie, binti. Niambie hili tu. Wanaoziweka kando, wanaziona kwanza?"

"Lazima kuna mtu anaziangalia, ndiyo."

"Basi aziangalie."

Akaendelea kutuma. Na kila maji yalipokupwa, waliinama wakapita chini ya mnyororo.

Mpaka siku ile watu wa hifadhi walipomchukulia Segundina mtumbwi wake. Wilberto ndiye aliyeufunga kamba nyuma ya boti ya hifadhi, hakuinua uso. Segundina alilipiga picha na hilo. Akarudi kwa miguu, topeni mwote, hadi ngazi ya kanisa, akaanza kutuma.

Baudilia alimfuata na sahani ya wali na ndizi za kukaanga. Alimkuta ameegemea ukuta, tope limekauka na kupasuka mapajani, usingizi umemchukua, kidole bado kiko juu ya kioo. Simu ikalia. Mtu wa nchi ya mbali alikuwa amejibu chini ya picha ya Segundina mwenyewe akiwa na kikapu, iliyopigwa na Clotilde:

"Haya ni makazi ya fisi maji. Huyu mwanamke ameingia bila kibali. Nimewajulisha wahifadhi. Asante kwa kumfichua."

Baudilia alisoma mara mbili. Akaweka sahani chini, akaitoa simu taratibu mkononi mwa mama mkwe wake, akatuma picha iliyofuata. Kisha nyingine. Alituma moja moja, jua la mchana linawapiga wote wawili usoni, mpaka naye akasinzia hapo hapo begani pake, na wali ukapoa.