Tumbo la Mshika Bendera

Umma wote wa Likasi, wenye pikipiki, wenye baiskeli na wenye miguu mitupu, unatangaziwa kwamba siku ya Jumatatu, saa sita kasoro dakika nne za mchana, Mheshimiwa Ruphin Kitenge, mlinzi mkuu wa barabara ya machimbo ya mawe ya chokaa kule Kakontwe, ameichomeka bendera yake nyekundu kwenye tundu la tofali, ameilaza filimbi yake juu ya jiwe, na ameelekea vichakani kwa shughuli isiyoweza kuahirishwa.

Shughuli yenyewe ilikuwa kuhara.

Ilikuwa mara ya nne tangu asubuhi. Huko juu baruti zilikuwa zimekwisha kupangwa kwenye mwamba, ving'ora vimelia, na wafanyakazi wote wamejificha. Barabarani hapakuwa na mtu wa kusimamisha mtu. Ndipo akatokea David, muuza makala, yaani makaa ya kupikia, na magunia manne juu ya baiskeli, akapita mbele ya bendera akiimba. Mwamba ukalipuka. Jiwe moja lenye ukubwa wa sufuria ya familia likaanguka hatua thelathini nyuma yake.

David hakuumia. Magunia yalilala upande mmoja, na yeye akalala upande mwingine, na alipoamka alianza kusimulia, na mpaka leo hajamaliza. "Minye nilikuta drapeau," anasema kwenye kila kona, "lakini sikukuta muntu! Nikajua ni ya chama ya siasa!"

Mheshimiwa, yaani Papa, alitoka kichakani akifunga mkanda, akaona vumbi, akaona makala yametapakaa barabarani. Akaketi chini.

Ni vizuri msomaji aelewe kazi yenyewe. Papa yangu (ndiyo, ni Papa yangu; mimi ni Jaël, mwanafunzi wa internat, shule ya bweni ya masista, niliyeko nyumbani kwa likizo kubwa) analipwa kwa kusimama. Anapuliza filimbi mara tatu kwa pumzi ndefu, ananyoosha bendera, na kuanzia hapo hakuna kiumbe kinachopita mpaka mlipuko uishe na moshi utulie. Inaweza kuchukua robo saa, inaweza kuchukua saa nzima. Kwa miaka kumi na tisa amesimamisha malori, maharusi, mbuzi, na siku moja gari la askofu. "Monseigneur," alimwambia, "hata mbinguni watangoja kidogo." Miaka kumi na tisa, na hakuna hata kuku aliyekwaruzwa. Mshika bendera anaweza kuwa na njaa, usingizi, hata msiba. Kitu kimoja tu hawezi kuwa nacho, nacho ni tumbo lisilongoja.

Chef Pitshou, mkuu wa ulipuaji, hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Vieux Ruphin, minye nakuheshimu. Lakini drapeau peke yake haina macho. Ijumaa uniletee karatasi ya docteur. Iseme ni ugonjwa gani. Kama ni ya kusumbua tu, unabaki pa kazi yako, tutakutafutia muntu wa kukushikia dakika mbili. Kama ni ugonjwa ya nguvu, unaenda kwanza ku nyumba. Nitaweka mwingine."

"Mwingine nani?"

"Mwingine."

Neno hilo Papa alirudi nalo nyumbani kama mtu aliyemeza mfupa.

Si kwamba alikuwa hajatibiwa. Alikuwa ametibiwa kupita kiasi. Kwa miezi sita tumbo lake lilikuwa mali ya umma, na kila mtu alikuwa na jibu. Muuguzi wa zahanati ya mtaa alisema ni amibe, vijidudu vya tumboni. Alisema hivyo mara nne, akatoa vidonge vilevile mara nne, vile vinavyoacha ladha ya msumari mdomoni. Hakuomba hata siku moja kupima choo, kwa sababu, alieleza, amibe za mtaa wetu anazijua kwa sura. Tantine Rosalie, dada mkubwa wa Papa, alisema ni uchafu wa zamani. Akachemsha majani, akatia pilipili kidogo, akaja na mpira wake wa lavement kuyapitisha yote kwa mlango wa nyuma. "Tumbo inaomba kusafishwa, kaka yangu, usiogope." Mchana ule Papa alilala kwa ubavu, akitazama ukuta.

Mama Viviane, mkewe, alisema ni chakula. Aliondoa maharagwe. Hakuna kilichobadilika. Akaondoa maziwa, akaondoa sombe, na siku alipotaka kuondoa bukari, yaani ugali wetu, Papa alisimama mezani.

"Viviane. Ondoa bwana, acha bukari."

Mchango wangu mimi ulikuwa wa heshima zaidi. Kila alipotoka mbio kwenda choo cha uani, nilisimama mlangoni, nikafanya mkono wangu tarumbeta, na kutangaza kwa sauti ya sista mkuu: "Simameni wote! Waziri wa Maliwato anapita!" Mwanzoni alicheka, akapunga mkono kama waziri kweli, akiendelea kukimbia. Baadaye alipita tu. Sikuandika tarehe aliyoacha kucheka.

Ijumaa tulikwenda kwa docteur Emmanuella, daktari ambaye alikuwa mgeni mjini na kwa hiyo hakuwa bado na jibu. Nilipelekwa ili kubeba karatasi: kila cheti, kila jina la dawa, kila kipande cha boksi la vidonge. Papa alivaa shati la kanisani. Aliniambia nikae kwenye benchi la korido. Mlango ulikuwa wa mbao nyepesi, na sikio langu likakaa karibu nao, kwa sababu za kiafya.

"Karatasi ni mingi," alisema docteur. "Na kote banaandika amibe. Balipima?"

"Balinitazama."

Nikasikia kiti kikisogezwa.

"Papa Ruphin, nieleze kintu. Kama si bilulu, bale badudu ba tumbo, kuko magonjwa mbili zinafanana sana. Ya kwanza, utumbo ni muzima. Hata ukiutazama na kamera hauone kidonda. Lakini unakasirika bure: unakaza, unauma, unaharisha, na ukienda choo unapata nafuu. Inachokesha muntu, inaharibu siku yake, lakini haimukule."

"Na ya pili?"

"Ya pili, utumbo wenyewe umevimba. Iko na vidonda ndani. Ile inatoa damu, inakondesha, inaamusha muntu usiku. Ukiiacha inaendelea."

"Sasa docteur anajuaje ni ipi?"

"Anauliza kwanza. Halafu anapima damu, anapima choo, tuone kama kuko uvimbe ndani, na kama amibe ni ya kweli ama ni ya mudomo tu. Kisha, kama inaomba, kamera, kule Lubumbashi. Lakini inaanza na kuuliza. Na ule banamuuliza anasema kweli."

"Ni vizuri," alisema Papa, kwa sauti ya mtu anayenyoosha bendera.

"Unaonaka damu?"

"Hapana."

"Hata kidogo tu?"

"Docteur, minye ni muntu ya mawe. Damu yangu inakaaka ndani."

"Usiku unaamukaka kwenda ku choo?"

"Nalalaka kama jiwe."

"Umekonda?"

"Suruali ndiyo imekuwa kubwa."

Docteur alicheka. Mimi pia karibu nicheke, kisha nikashtuka, maana nilikijua kile kichekesho. Ndivyo ninavyofanya mimi mbele ya masista. Unawapa kichekesho kizuri, na wakiwa bado wanacheka unapita.

Nikasikia kalamu.

"Basi inafanana na ya kwanza," alisema docteur. "Utumbo wenye hasira. Nitaandika unaweza kubaki ku kazi, na tutapanga mambo ya chakula. Vipimo tutafanya kama haitulie."

Papa alitoa pumzi ndefu. Niliisikia ikipita chini ya mlango. Ndani ya ile pumzi kulikuwa na barabara yote ya Kakontwe, na filimbi, na askofu akingoja. Na mimi niliitaka karatasi ile kama yeye. Naapa niliitaka.

"Bongo!"

Bongo katika Kiswahili chetu ni uongo, na neno lile lilitoka kinywani mwangu. Lilitoka lenyewe, kwa sauti, na mlango ukafunguka kabla sijafikiri hata jinsi ya kujifanya nimelala.

"Na huyu?" aliuliza docteur.

"Ni mutoto yangu," alisema Papa, bila kunitazama. "Anapendaka michezo."

"Umesema nini, mama?"

Kichwani mwangu kulikuwa na majibu matatu ya kuchekesha, yote tayari. Nikayaacha yote, nikaanza na ndoo.

Nyumbani kwetu ni mimi ninayefua: mashuka, sare, hata ovaroli ya machimbo iliyokauka kwa chokaa kama ubao. Lakini nguo za ndani za baba, binti hazigusi. Baba anazifua mwenyewe, ama mkewe. Kuzigusa ni kumvua nguo mzazi wako mbele ya watu. Tangu nilipofika likizo, Papa alikuwa anaamka kabla ya jua, katika baridi ile ya Julai, na kufua peke yake nyuma ya choo. Kisha anafunika ndoo kwa beseni lililopasuka. Mimi niliona jambo hilo ni la kuchekesha sana. Jumamosi nikapanga kuiba nguo moja, kuipandisha juu ya mti wa antena, kupuliza filimbi mara tatu, na kusimamisha avenue nzima.

Nikatia mkono ndani ya ndoo. Maji yalikuwa mekundu.

Nilirudisha beseni juu yake. Nikanawa mara mbili. Sikusema kitu Jumamosi, wala Jumapili, kwa sababu kusema nilichoona ni kusema nilikotia mkono. Jumatatu ikaja habari ya David.

Hayo yote niliyasema pale mlangoni, vibaya, bila mpangilio, nikiwa nimekumbatia bahasha ya karatasi. Papa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Uliingiza mukono mu ndoo yangu?"

"Ndiyo, Papa."

"Weye?"

"Ndiyo, Papa. Nisamehe."

Hakuuliza habari ya damu. Damu alikuwa anaijua.

Docteur aliichukua karatasi aliyokwisha kuandika nusu, akaikunja, akaiweka kando. Akachukua nyingine tupu.

"Tuanze tena, Papa Ruphin. Damu?"

Nje lori lilipita na vioo vya dirisha vikatetemeka kidogo. Tulingoja kelele ziishe.

"Iko," alisema.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu Pasaka."

"Na usiku?"

"Mara tatu. Siku ingine mara tano." Akafikiri. "Sitaki Viviane ajue kabla yangu. Nitamwambia minye mwenyewe."

"Ni sawa."

"Na drapeau?"

Kalamu ilisimama. "Sijui, Papa," alisema docteur. "Hiyo sijui."

Papa aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama anavyowaitikia watu wanaouliza barabara itafunguliwa lini. Mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni. Baada ya muda alisogea pembeni kwenye benchi la ndani, akavuta pindo la shati lake la kanisani, na kando yake ikabaki nafasi ya mtu mmoja.