Saa Mia na Ishirini za Binti Yangu

Miaka ishirini na mbili nimechora mistari ya barabara, na rangi yangu naijua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Kwa hiyo Jumamosi ile, nilipoingia uani nikakuta matairi ya gari la binti yangu yametapakaa rangi nyeupe, sikuhitaji kuambiwa.

Mchana wa siku hiyo kikosi changu kilikuwa kinapaka kivuko cha pundamilia mbele ya shule ya msingi. Koni zimepangwa, rangi mbichi. Mara magari matatu yakaja yakishindana, yakazipiga koni, na moja likaanza kujizungusha juu ya kivuko, matairi yakilia, vijana pembeni wakishangilia na simu zao. Mtu wetu wa kushika bendera, ambaye kikosi kizima tunamwita Mjomba, alirukia mtaroni kujiokoa akateguka mguu. Mimi nilikuwa mbali nachanganya rangi. Niliona moshi tu. Niliambiwa gari ni la bluu. Nikajipa moyo: magari ya bluu ni mengi.

Binti yangu ana miaka ishirini na minne, fundi wa kushona viti vya magari. Wenzake wa mashindano walimpa jina la Pia, kama ile ya watoto, kwa jinsi anavyojua kuzungusha gari. Hilo la mashindano nilikuwa silijui.

"Mwanangu, hiyo rangi umeitoa wapi?"

Akainama. "Baba, sikujua kama ni kikosi chako."

"Kingekuwa cha mwingine ingekuwa halali?"

Mama yake aliacha kukunja nguo.

"Mjomba amerukia mtaroni," nikamwambia. "Mguu umevimba kama boga."

Hapo akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso. Simu yake ikawa inaita mfululizo. Wenzake walimwambia aoshe matairi, kwani kwenye video namba ya gari haionekani. Asiposema yeye, nani atajua?

Asubuhi alikwenda kituo cha polisi kwa miguu, funguo za gari mkononi. Mama yake alitaka kumsindikiza, akakataa. "Mashindanoni nilikwenda peke yangu, mama. Na huku nitakwenda peke yangu." Mimi nilibaki kitini. Nilitaka kumpiga makofi na kumpigia makofi kwa wakati mmoja.

Mahakamani hakimu alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani imemshuka puani. Akamuuliza kama ana la kusema.

"Nilifanya mimi, mheshimiwa. Hakuna aliyenituma. Nilimuumiza mtu mzima aliyekuwa kazini kwake, na nimeshakwenda kumwomba radhi."

"Kujileta kwako kumekuepusha na jela," hakimu akasema. "Kosa liko palepale."

Leseni ikafungiwa mwaka mzima. Gari likazuiliwa miezi mitatu. Juu yake faini, na saa mia na ishirini za kazi ya barabara bila malipo. Binti yangu akaitikia kila moja, "Ndiyo, mheshimiwa," bila sauti kutetemeka. Yangu ingetetemeka.

Ofisi yetu haikukubali afanye kazi chini ya baba yake, na ilikuwa sawa. Wakampeleka kwa msimamizi tunayemwita Rula, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisifu kitu. Siku ya harusi yake mwenyewe alilalamika kwamba viti vimepangwa kombo.

Wiki mbili Rula alimpa brashi ya chuma akwangue rangi ya zamani, jua la utosi. Mtoto akarudi nyumbani viganja vimetoka malengelenge.

"Baba, hivi huyo Rula ana moyo?"

"Anao. Umenyooka tu kupita kiasi."

Akacheka, akapaka dawa, na kesho yake akaamka kabla yangu. Wiki ya tatu akapewa kamba na chaki, kisha mashine ya rangi yenyewe. Mkono uliozoea kufuata mshono ulijua kufuata kamba. Mimi nilijifanya siulizi habari zake, lakini kila jioni nilimpitia dereva wa lori la Rula, eti kumsalimu.

Siku ya mwisho saa zake zilikwisha adhuhuri, wakiwa wanapaka kivuko mbele ya zahanati. Karani akatia sahihi, akamwambia yuko huru. Muda si muda Rula akanipigia simu.

"Huyu mtoto wako amemaliza saa zake na hataki kuondoka."

"Amekosea nini?"

"Hajakosea. Anasema imebaki mistari miwili, hawezi kuacha kivuko nusu." Akashusha sauti. "Mistari yake imenyooka."

Nilifunga ndoo nikaenda. Nilikuta ametoa kofia, uso umejaa vumbi, anavuta mstari wa mwisho taratibu kama anapiga pasi. Sikumsemesha. Nilingoja hadi rangi ikakauka na koni zikaondolewa, nikavuka. Nikarudi. Nikavuka tena. Gari likasimama, dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, unavuka au unatembea?"

"Baba, toka barabarani!" binti yangu akapiga kelele, aibu imemjaa.

"Ngoja kidogo, bwana," nikamwambia yule dereva. "Hiki amekichora binti yangu." Nikavuka mara ya nne, polepole.